Mto Una Mwenyewe? Siku Tatu Kandoni mwa Maji ya Mlima Kenya

Maji ya Mto Tana yafikapo Kipini na kumwagika baharini, huwa yamekwisha kusafiri takriban kilomita 1,000. Sisi watu wa pwani huyaona mwishoni mwa safari yao: mapana, mazito, yenye rangi ya udongo, yakisukumana na maji chumvi kwenye mikoko. Ni wachache miongoni mwetu waliopata kuyaona utotoni mwake, yakiwa membamba kiasi cha kurukwa na mtoto, baridi kama yaliyotolewa jokofuni, na maangavu hata ukaweza kuhesabu kokoto zilizo chini. Katika likizo iliyopita tulijaaliwa kuyaona hivyo, na tumeona si vyema kuyaweka peke yetu tuliyoyakuta huko.

Tulisafiri watu sita: bibi yetu aliyezaliwa Lamu, wazazi wawili, mabinti wawili na kijana mmoja wa kiume wa miaka 15. Tulipanda treni Miritini hadi Nairobi, tukalala kwa jamaa, na alfajiri tukashika njia ya Karatina. Mwisho wetu ulikuwa shamba moja la mtu binafsi katika miteremko ya kusini-magharibi ya Mlima Kenya, ambalo kwa kuchunga faragha ya mwenyewe hatutalitaja jina. Shamba hilo linapakana na kijito kimojawapo kati ya vile vinavyoulisha Mto Sagana, na Sagana ndio huo huo ambao mbele ya safari huitwa Tana. Mwenye shamba hukaribisha familia chache kwa wakati mmoja, zipige kambi ukingoni na kuvua samaki aitwaye trauti kwa mshipi.

Langoni palikuwa na ubao uliosema kuwa mto ulioko ndani ni wa faragha. Bibi aliusoma mara mbili, kisha akauliza, si kwa ukali bali kwa mshangao wa kweli, "Mto una mwenyewe?" Swali hilo lilitufuata kwa siku tatu zote, na ndilo lililotufanya tuishike kalamu.

Ili kulijibu yafaa kwanza kueleza jinsi trauti alivyofika katika nchi hii, maana si samaki wa asili yetu. Anayetajwa kumleta ni Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza aliyejipatia sifa kwa safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Mwaka 1905 samaki wa kwanza walitiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua. Hao walikuwa trauti wa kahawia, ambao asili yao ni Ulaya. Baadaye akaletwa na trauti wa upinde wa mvua, ambaye kwao ni upande wa Pasifiki wa Amerika ya Kaskazini, naye hutambulikana kwa utepe wa rangi ya waridi ubavuni. Walowezi walitaka mchezo walioucheza kwao, na mito ya milimani, kwa baridi yake, ikawafaa. Wakikuyu wa zama hizo hawakuwa na desturi ya kula samaki. Mito hiyo kwao ilikuwa ya kunywa, ya kunywesha mifugo na ya kunyunyizia mashamba.

Basi samaki alikuja pamoja na ua. Nyanda hizi ndizo zilizoitwa Nyanda za Juu za Wazungu, na wenyeji wengi waliondolewa katika ardhi za baba zao au wakageuzwa vibarua juu yake. Si mbali na hapo tulipopiga kambi ndipo ilipo Sagana, mahali palipojengwa nyumba aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Na alikuwa hapo, Februari 1952, alipopashwa habari kuwa baba yake amefariki na yeye amekuwa Malkia. Kabla mwaka huo haujaisha, hali ya hatari ilitangazwa na misitu hiyo hiyo ikawa uwanja wa vita vya Mau Mau. Mto uliopita katikati ya mambo hayo yote haukuwa mahali pa starehe kwa kila mtu.

Mwenye shamba wa leo ni mzee wa Kikuyu ambaye babu yake alikuwa kibarua katika ardhi hiyo hiyo. Jioni ya kwanza alikuja kutuamkua kambini. Bibi, baada ya salamu na kumpa tende, alimuuliza swali lake waziwazi. Mzee alicheka kidogo, akajibu, "Shosho, hati ya shamba ninayo. Hati ya mto sina, wala hakuna aliye nayo. Ninyi mmelipa njia, kivuli na ulinzi. Maji yanapita tu."

Jibu hilo halikuwa la adabu pekee, kwani sheria ya nchi nayo inasema hivyo. Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 2010 inaihesabu mito yote na maziwa kuwa ni ardhi ya umma, na Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inaeleza kuwa serikali ya taifa inashika rasilimali za maji kwa amana, kwa niaba ya wananchi. Mtu anaweza kumiliki ukingo, akaweka lango na kuchagua nani apite kwake. Lakini hamiliki kinachopita. Na tangu tukiwa wadogo madrasani tumefunzwa kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto.

Lakini haki iliyoandikwa ni kitu kimoja, na njia ya kuifikia ni kitu kingine. Wasomaji wetu wa Nyali, Diani, Malindi na Watamu hawahitaji kuelezwa. Ibara hiyo hiyo ya 62 inaitaja pia ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ni ya umma; na bado ni vichochoro vingapi vya kuendea ufukweni ambavyo wazee wetu walivipita na malema begani, na leo vimezibwa kwa kuta? Bahari haikuuzwa. Kilichouzwa ni njia.

Kwa hiyo asubuhi ya pili, mabinti zetu walipokwenda kukoga uso mtoni, tulifurahi kuona jambo ambalo mzee hakujisifia. Upande wa chini wa kambi palikuwa na uchochoro mwembamba kati ya nyua mbili za miti, ukishuka hadi kwenye maji. Kina mama watatu wa kijijini walikuwa wakiupanda na mitungi ya plastiki mgongoni, ukanda ukiwa umepita kipajini. Tulisalimiana. Mmoja alitueleza kuwa uchochoro huo umekuwapo tangu siku za mama yake, ukafungwa zama za mwenye shamba wa zamani, na mzee huyu alipopata shamba, jambo la kwanza alilolifanya ni kuufungua. Hakuna lango wala mlinzi. Tuliona hapo kipimo cha kumpimia kila mwenye ukingo, wa mto au wa bahari: si ubao wake wa mbele, bali ni njia aliyoiacha nyuma.

Tuje sasa kwenye uvuvi wenyewe, ambao kwa mvuvi wa pwani ni kitu kigeni kabisa. Mshipi wa kwetu hutiwa chubwi, hufungwa chambo cha ngisi au dagaa, ukazamishwa hadi chini ya mwamba kumtafuta changu. Mshipi wa mlimani hauna chubwi. Chambo chake ni nzi bandia: ndoana ndogo kuliko ukucha wa mtoto, iliyozungushiwa uzi, unyoya wa kuku na manyoya ya mnyama, mpaka ikafanana na wadudu wa mtoni. Kitu hicho hakina uzito wowote, hakiwezi kurushwa. Kwa hiyo uzito huwekwa katika mshipi wenyewe, ulio mnene na wenye rangi ya kuonekana, na ufito mrefu mwepesi huurusha nyuma na mbele hewani, ukijikunja na kujikunjua, hata nzi akashuka juu ya maji kwa upole.

Siri iko katika kusubiri. Ukiurusha mshipi nyuma, wapasa kungoja unyooke wote ndipo uusukume mbele; ukiharakisha, hulia kama mjeledi na kukuangukia kichwani. Wanaume wetu wawili walitumia nguvu na wakaishia kunasa matawi. Binti wa miaka 11 ndiye aliyefahamu mapema kuliko wote, na alipoulizwa alifahamuje, akasema ni kama kukung'uta leso kabla ya kuianika: huivuti ikiwa bado imejikunja. Kijana mwongozaji, aliyefundisha wengi, alisema hajapata kusikia somo fupi kama hilo.

Trauti naye ana tabia zake. Hukaa akiukabili mkondo, kichwa juu ya mto, nyuma ya jiwe au chini ya kingo iliyobonyea, akingoja maji yamletee riziki. Anataka maji baridi yenye hewa nyingi. Yakipata joto hupungukiwa na pumzi na kufa. Ndiyo sababu hashuki hadi kwetu, na ndiyo sababu pia kila mti unaokatwa ukingoni ni hasara kwake, kwani jua huyafikia maji na udongo hushuka kuyafunika mayai yake yaliyo kwenye kokoto. Mwongozaji aliinua jiwe moja kutoka mtoni, akatuonyesha chini yake wadudu wadogo waliojijengea vinyumba vya mchanga, kila mmoja na kijumba chake. Hao, alisema, ndio daktari wa mto: wakiwapo, mto ni mzima.

Hapo ndipo lilipozuka jambo lililotugawa. Kanuni ya wavuvi wengi wa aina hii ni kumnasa samaki, kumstaajabia, kisha kumrudisha. Ndoana zao hubanwa ule mwiba mdogo wa nyuma ili zisichane, mikono hulowanishwa kabla ya kumshika, naye huachiwa majini. Baba aliitetea kanuni hiyo: mto ni mwembamba, wageni ni wengi, na kila mmoja akila anachokinasa, baada ya miaka miwili hapatakuwa na samaki. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mdogo kumrudisha ni busara, nasi tulirudisha hata kwetu. Lakini mkubwa, kumtoa roho nusu ili mimi nifurahi, kisha nimwambie nenda zako, hilo moyo wangu halilikubali."

Hatukulichukulia kuwa ni jambo la kizee. Dini yetu imetuhalalishia windo la majini liwe chakula, na imetukataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Hatuwahukumu wengine, na tunajua kuwa wanaorudisha wanakusudia kuuhifadhi mto. Kwa upande wetu tulikubaliana hivi: tuvue kwa nia ya kula, tumrudishe aliye mdogo, na tukipata cha kututosha, fito ziwekwe chini. Mzee alituruhusu samaki wanne kwa siku zote, na tukawapata wote kabla ya adhuhuri ya siku ya pili.

Makubaliano hayo yalikuwa na gharama, na aliyeilipa ni kijana wetu. Jioni hiyo wadudu wa mtoni walitoka majini kwa maelfu na mto mzima ukachemka kwa samaki warukao, na yeye ufito wake umeegemezwa mtini. Alimtazama baba yake, akamtazama bibi yake. Hakuna aliyesema neno. Alikwenda akaketi juu ya jiwe akitazama hadi giza likaingia. Usiku alitwambia, bado akiwa na uchungu kidogo, kuwa alimhesabu samaki mmoja akipanda mahali pale pale mara 23. Hatudai kwamba aliridhika. Twasema tu kwamba alishika ahadi ambayo hakuna nje ya familia ambaye angemdai.

Samaki wale wanne waliliwa kwa heshima. Bibi alikuwa amemwambia mwongozaji kuwa amekuja na mbuzi wake kutoka Mombasa, naye kijana akaanza kutafuta pa kumfunga, mpaka alipoonyeshwa kibao cha kukunia nazi. Trauti ana magamba madogo sana na nyama laini, na akichomwa polepole juu ya makaa, kisha akapakwa tui zito lenye ukwaju na pilipili, hakuna aliyekumbuka kuwa ni mgeni. Mzee aliletewa sahani yake, akaila yote na kukiri kuwa katika maisha yake yote kandoni mwa mto ule, hiyo ilikuwa mara ya tatu tu kuonja samaki wake.

Usiku wa huko, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, si wa kufanyiwa mzaha. Hema moja lilikuwa la wanawake na jingine la wanaume, na moto wa kuni uliwashwa baina yake hadi usiku wa manane. Mlinzi alizunguka na tochi, kwa kuwa nyati na tembo wa msituni hushuka kunywa. Kwa kuwa nia yetu ilikuwa kukaa chini ya siku nne, tulisali kwa kupunguza kama wasafiri. Kibla ni rahisi: kwa walioko Mombasa ni karibu kaskazini moja kwa moja, na huko mlimani huelekea kaskazini na kuinamia mashariki kidogo tu. Alfajiri anga lilipopambazuka, kaskazini-mashariki yetu kilele cha Batian, chenye mita 5,199, kilijitokeza cheusi, kisha kikawa cha dhahabu.

Udhu wa alfajiri ulikuwa mtihani. Bibi alivaa khofu za ngozi tangu Nairobi na kupangusa juu yake, ruhusa ambayo msafiri anayo kwa siku tatu na usiku wake, na ambayo wengi wetu tumeisoma bila kuihitaji. Sisi wengine tulishuka mtoni. Binti mdogo, mikono ikimtetemeka, aliyateka maji kwa pupa na kuyamwaga, na mama yake akamkumbusha lile tunalofunzwa sote, kwamba israfu katika udhu haifai hata kama mtu yuko kandoni mwa mto upitao. Mafundisho hayo tumeyasikia mara nyingi tukiwa mbele ya mfereji. Hatukuwa tumepata kuyatii tukiwa hasa mbele ya mto.

Na hapo ndipo tulipofahamu kwa nini hata mto una hesabu yake. Yale maji yalikuwa yanakwenda mahali. Chini ya hapo yangewapita kina mama wa mitungi, yakaingia katika mabwawa ya umeme yaliyopangana: Masinga lililokamilika mwaka 1981, Kamburu, Gitaru, Kindaruma la mwaka 1968, na Kiambere la mwaka 1988. Yangepita Garissa, yakanyweshea ng'ombe wa Waorma na mashamba ya Wapokomo, kisha yakafika Ozi na Kipini. Huko mto ukipungukiwa nguvu, bahari hupanda. Maji chumvi huingia mashambani na visimani. Kinachofanywa mlimani husomwa pwani.

Yupo samaki mmoja aijuaye njia hiyo yote. Mkunga wa mitoni huzaliwa katika Bahari ya Hindi, akiwa mwembamba kama uzi hupanda mito ya Afrika Mashariki, hukaa maji tamu miaka mingi, kisha hurudi baharini kuzaa na kufa. Kwake yeye mlima na bahari ni nyumba moja. Mabwawa yamemzibia njia, kama kuta zilivyowazibia wavuvi wetu ufuko.

Kwa familia zitakazopenda kusafiri, haya machache yatafaa. Miezi ya Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, ndiyo bora, kwani wakati wa masika na vuli mito huwa na tope. Kuvua kunahitaji kibali; mwulizeni mwenyeji wenu kabla hamjaondoka, na kama mto umo ndani ya mbuga ya taifa kuna ada yake. Chukueni masweta, soksi nzito, blanketi la ziada kwa kila mtu na viatu vya mpira visivyoteleza. Buibui lenye pindo refu hunasa miiba na hulowa haraka. Suruali pana na kanzu fupi juu yake, na mtandio uliofungwa imara, hutosheleza sitara na usalama. Nyama ya kuchinjwa ichukulieni Karatina au Nyeri kwa mchinjaji Mwislamu, au mtegemee samaki. Takataka zote mrudi nazo. Na mfikapo langoni, ulizeni jambo ambalo bibi yetu alitufunza kuliuliza: majirani wa hapa wanateka maji wapi?

Jibu la swali hilo litawaambia kuhusu mahali hapo mengi kuliko picha zilizotangazwa. Mwenyezi Mungu aijaalie mito yetu iwe na walinzi badala ya wamiliki, nasi wa mwisho wa maji tupate fungu letu likiwa safi.